Umealikwa kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda? Soma hii kabla hujakanyaga barafu

Kuanzia mwezi wa tisa hivi duka letu la nguo za baridi hapa tao, Nairobi, hujaa watu wanaosafiri. Kuna manesi waliopata kazi Marekani, kuna wanafunzi wa Finland na Kanada, kuna wazazi wanaenda kusaidia binti aliyejifungua huko majuu. Wanakuja kutafuta jaketi, buti, glavu na zile nguo za ndani za kubana, na swali moja limeanza kurudi sana, hasa kwa wale wanaoenda jimbo la Minnesota huko Marekani, kwa sababu Wakenya wa huko ni wengi: "Wenyeji wamesema watanipeleka kuvua samaki ziwa likishaganda, hii jaketi itanitosha?" Jaketi itakutosha, hiyo haina shida. Cha kuuliza ni kama barafu itakubeba, na hilo tumeona tuliandike lote mahali pamoja badala ya kulieleza nusu nusu kwa kaunta mtu akiwa na haraka ya ndege.

Tuanze na tunachoamini. Barafu ya mwanzo wa msimu huwezi kuiamua kwa macho, wala kwa tarehe, wala kwa kuona watu wengine wako kule katikati wameketi. Unaiamua kwa kupima unene, na unapima pale pale unapotaka kusimama na njia nzima ya kufika hapo. Kama hakuna aliyepima, baki ufuoni hata kama umeshabebewa kiti na ndoano.

Sisi wa huku tumezoea maziwa ambayo hayagandi, Naivasha ni maji mwaka mzima, Victoria ni vivyo hivyo, kwa hivyo mtu akiona ziwa limekuwa jeupe na gumu anaona limeganda basi, limeganda lote sawa. Si hivyo. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 za selsiasi. Baridi ikianza, maji ya juu yanapoa yanazama, ya chini yanapanda, yanazunguka hivo hivo mpaka ziwa lote linakaribia hizo nyuzi 4, na baada ya hapo maji ya juu yakizidi kupoa hayazami tena, yanakaa tu juu mpaka yafike sifuri yagande. Sasa fikiria ghuba ndogo isiyo na kina, hiyo inamaliza mzunguko haraka na inaganda mapema, wakati sehemu ya kina kirefu ya ziwa hilo hilo bado ni maji wazi ama ina utando wa jana usiku. Kwa hivyo unaweza ukawa umesimama karibu na ufuo kwa barafu ya inchi 5, ukatembea kidogo kuelekea kati ukajikuta kwa inchi 2, na juu haionyeshi tofauti yoyote.

Maji yanayotembea nayo yanakula barafu kutoka chini. Mto unapoingia ziwani na unapotoka, chini ya daraja, mahali ziwa linabanwa kati ya nchi kavu na kisiwa, penye chemchemi, kando ya gati ambapo wenye nyumba wameweka mashine za kupuliza hewa majini, hapo pote usipaamini. Matete, mawe na magogo yanayotokeza pia, kwa sababu yanashika joto la jua na kuyeyusha barafu inayoyazunguka. Theluji ndiyo inadanganya watu zaidi: ikianguka mapema juu ya barafu nyembamba inazuia baridi isifike chini, barafu inachelewa kunenepa, alafu inafunika nyufa na inaongeza uzito juu yake.

Haya, twende kwa namba. Idara ya Maliasili ya Minnesota inasema chini ya inchi 4 usikanyage kabisa. Inchi 4, yaani karibu sentimita 10, ya barafu mpya na safi ndiyo ya mtu kutembea kwa miguu. Pikipiki ya theluji inataka kama inchi 6 hadi 7, gari dogo inchi 9 hadi 10, na lori zaidi ya hapo. Msalaba Mwekundu wa Kanada ni wakali zaidi, wao wanasema sentimita 15 kwa mtu mmoja na 20 kwa kikundi. Sisi tukiulizwa tunamwambia mteja afuate kipimo kikali, maana yeye ni mgeni, hajui ziwa, na mara nyingi hatakuwa peke yake, atakuwa na watu watatu wanne wamekusanyika kwa shimo moja.

Hapa kuna jambo tungependa ulishike vizuri kuliko yote. Nguvu ya barafu haiongezeki moja kwa moja na unene, inaongezeka kwa mraba wake. Ukiwa na inchi 2 usifikirie una nusu ya uwezo wa inchi 4, una robo tu. Kwa hivyo yule jamaa anayekwambia "imepungua kidogo tu, inchi moja" amekutoa kwa 4 akakupeleka kwa 3, na inchi 3 ina zaidi kidogo ya nusu ya nguvu uliyokuwa unategemea. Inchi moja hapo ni kitu kikubwa sana.

Na hizo namba zote ni za barafu safi, ile unaweza kuona giza la maji kupitia ndani yake, ina rangi ya samawati ama nyeusi nyeusi. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda tena, ina kama nusu ya nguvu, kwa hivyo inataka unene mara mbili. Mara nyingi utakuta zote mbili zimepandana. Tuseme umetoboa ukapata inchi 3 nyeupe juu na inchi 2 safi chini, jumla ni 5, lakini hesabu ya kukubeba ni ile 2 safi pamoja na moja na nusu, tatu na nusu, haijafika, rudi. Barafu ya kijivu ina maji ndani yake, hiyo hata usihesabu.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Wavuvi wa huko wanatembea na chuma kirefu chenye ncha bapa, mtu wa mjengo hapa Nairobi akikiona ataita mtaimbo na hatakuwa amekosea. Unaanzia ufuoni, unagonga kwa nguvu mbele ya mguu kabla ya kusogea, na kikitoboa kwa pigo moja ama mawili umepata jibu, geuka, burura miguu bila kuinyanyua urudi ulikotoka. Kikikataa kutoboa, unachukua drili ya barafu unatoboa shimo alafu unashusha tepu ya fundi ya kawaida, ile yenye kulabu ndogo ya chuma mwanzoni. Shusha mpaka kulabu ipite chini ya barafu, vuta juu taratibu ishike ukingo wa chini, soma hapo juu. Pima tena baada ya mwendo mfupi, idara ya Minnesota inasema angalau kila futi 150, na mwanzo wa msimu wewe fanya karibu karibu zaidi. Chukua tepu yenye inchi na sentimita pande zote mbili. Na ujue utabiri wa hali ya hewa kule Marekani uko kwa farenhaiti, kwa hivyo ukisikia 32 hiyo ndiyo sifuri yetu, na siku za 35 ama 40 katikati ya wiki maana yake barafu inaliwa, hata kama wewe kutoka Nairobi unaona ni baridi ya kufa.

Kuna watu watakwambia sikiliza mlio. Barafu hulia, hunguruma hata usiku mzima ikipanuka na kusinyaa joto likibadilika, na inaweza kulia ikiwa nene vizuri. Inaweza pia kunyamaza kimya ikiwa nyembamba. Mlio hauna inchi, shika mtaimbo.

Upepo nao. Tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka wa 2022, kwa Upper Red Lake kaskazini mwa Minnesota, kipande kikubwa cha barafu kilikatika kutoka ufuoni kikaondoka na wavuvi karibu 200 juu yake. Waliokolewa. Lile ni ziwa kubwa, halina kina kirefu, linaganda mapema kuliko mengi, ndo sababu watu hukimbilia huko mwanzo wa msimu samaki wakiwa wanauma. Fikiria hao watu sasa: wengi ni wenyeji, wana vifaa, na pale walipokuwa wameketi barafu iliwabeba sawa, lakini njia ya kurudi ilikuwa imekuwa maji. Kwa hivyo ukiwa kwa ziwa kubwa uliza pia upepo wa leo unavuma kutoka wapi na utageuka saa ngapi. Wa kuuliza ni wenye maduka ya chambo kando ya ziwa, wao wanaongea na wavuvi kutwa nzima na wanajua ghuba gani imepimwa asubuhi hiyo. Ingia, salimia, nunua hata chambo kidogo, uliza.

Sasa turudi kwa kazi yetu, jaketi. Kuna mama alituuliza kama jaketi nene yenye manyoya ya bata inaweza kumfanya aelee majini, kwa sababu ilimpendeza ilivyo nyepesi. Tulichukua karai, tukajaza maji, tukaweka jaketi moja ya mtumba mle ndani mbele yake. Mwanzo ilikaa juu imevimba, hewa ikiwa bado ndani. Tukaikandamiza kidogo, mapovu yakatoka kwa mishono, na tulipoinyanyua mama aliishika kwa mikono miwili akasema, "Kumbe hii ni mzigo!" Hivyo ndivyo tunamwambia kila mtu, mama, ndugu, yeyote: jaketi yetu ni ya kukuzuia baridi ukiwa mkavu. Jaketi ya kuokoa maisha ni kitu kingine, ile ya kuelea, na mwanzo wa msimu unaivaa kwa ziwa kama vile ungeivaa kwa boti pale Kisumu. Jeans nayo iache nyumbani, pamba ikilowa haina joto hata kidogo, vaa sufu ama zile za polista ndani.

Na ukitumbukia je? Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amesoma sana mambo ya mwili kwa maji baridi, na fundisho lake linaitwa 1-10-1. Dakika 1 ya kwanza mwili unashtuka, unahema ovyo huwezi kujizuia, kazi yako ni moja tu, kichwa kikae juu ya maji mpaka pumzi itulie. Baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Na ni kama saa 1 kabla ya baridi kukuzimisha fahamu. Tunasema hivi kwa sababu watu wengi wanadhani baridi inaua papo hapo, wanakata tamaa na bado wana nafasi. Usivue nguo, zile ulizovaa zimeshika hewa kidogo mwanzoni. Geukia upande uliotoka, kwa sababu barafu ya huko ndiyo ilikuwa inakubeba. Laza mwili, piga miguu kama unaogelea, jivute juu kwa tumbo, na ukitoka usisimame, jiviringishe mpaka ufike mbali na shimo.

Kujivuta kwa mikono mitupu ni kazi kubwa sana, barafu ikilowa haishikiki. Ndo maana kuna vile vishikio viwili vyenye ncha ya chuma, vimeunganishwa kwa kamba, unavivaa shingoni nje ya jaketi, si kwa begi wala mfukoni ndani. Finland vinaitwa naskalit na watu wanavivaa kama kitu cha kawaida kabisa. Ni vya bei nafuu, nunua huko huko siku ya kwanza.

Akitumbukia mwenzako usimkimbilie, utaongeza mtu wa kuokolewa. Lala chini, mrushie kamba ama chochote kirefu, piga simu, 911 kwa Marekani na Kanada, 112 kwa Finland.

Moja la mwisho linalotuhusu sana sisi wa jiko la makaa: ndani ya vile vihema vya kuvulia samaki, watu huwasha hita ya gesi. Moshi usioonekana unaua kule kama unavyoua huku kwa nyumba iliyofungwa madirisha, acha mahali pa hewa wazi hata ukihisi baridi.

Kwa duka tunauza na kukodisha jaketi, suruali za theluji, glavu na buti, mpya na mtumba wa kamera, yaani wa daraja la kwanza. Jaketi za kuelea na vishikio hatuna, hivyo tutakuandikia tu kwa karatasi ujue cha kutafuta ukifika. Ukija kupima buti, kuja na soksi nene utakazovaa huko, ama utumie zetu, kwa sababu buti inayobana kwa soksi nyembamba hapa Nairobi itakata damu isifike vidoleni ukiwa umeketi masaa matatu juu ya barafu. Na kama umealikwa ziwani tuambie unaenda wapi na mwezi gani, kwa sababu mwanzo wa Disemba kusini mwa Finland maziwa mengine bado ni maji, na mwezi huo huo kaskazini watu wameshaanza kuvua.