Mlango wangu ulikuwa duka

Kwa Mhariri,

Kila siku watu wanabishana juu ya ile asilimia 1.5 serikali inakata kwa payslipu ijenge nyumba za bei nafuu, sawa, lakini sijasikia mtu akiuliza hao watakaoingia kwa hizo nyumba, wenye biashara ndogo za mlangoni, watauzia wapi.

Mi nimekaa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, miaka mingi kwa nyumba ya mabati, chumba kimoja, na sidanganyi eti ilikuwa nzuri, mvua ikinyesha tulikuwa tunakesha tukihamisha godoro. Lakini mlango ulikuwa unaangalia njia. Saa kumi na moja asubuhi jiko liko nje, karai juu, watu wa Industrial Area wanapita na miguu wananunua mandazi mbili tatu wanaenda, na mtoto amelala hapo nyuma ya pazia nikimsikia akikohoa. Hakuna nauli, hakuna kodi ya kibanda. Saa hii niko flati, orofa ya nne, choo iko ndani (hiyo nashukuru, wanawake wenzangu wanajua kwa nini), ila keateka, yule mwangalizi wa jengo, alishasema makaa kwa korido hataki kuona, na hata angekubali, nani atapanda ngazi zote hizo kufuata andazi la shilingi kumi?

Mtaniambia soko zinajengwa. Soweto East kule Kibera, nyumba 822 zilizopeanwa 2016 zilikuja na vibanda 245, piga hesabu. Halafu ukienda kibandani mtoto unamwachia nani, na kodi zimekuwa mbili.

Dandora, hapa hapa Nairobi, miaka ya sabini, mradi wa Benki ya Dunia ulikuwa unampa mtu ploti yenye bomba na choo anajijengea pole pole, chumba kimoja analala, vingine anapangisha, mbele anaweka duka. Ndio mtaa ulijaa vile ulijaa, sikatai, lakini watu walikula kwa nyumba zao.

Sasa hao wanaochora maflati, graundi floo yote ingekuwa ya wenye biashara za nyumbani, mlango uangalie barabara na pawe na kibaraza cha kuweka jiko, si ni kubadilisha ukuta tu?

Jirani yangu fundi wa nguo cherehani yake imebanwa kati ya kitanda na mtungi wa gesi. Wateja wamepotea. Juzi nimemkuta akiulizia chumba cha mabati, huko huko tulikotoka.

Mama Mandazi,
Nairobi