Mkono wa breki uende upande mmoja kwenye treni zote

Ndugu Mhariri,

Tanzania sasa ina reli za vipimo vitatu: milimita 1000 kwenye reli ya zamani, 1067 TAZARA na 1435 SGR. SGR peke yake ina vichwa vya umeme vinavyovuta mabehewa, na ina treni ya mchongoko yenye mota chini ya mabehewa yake. SGR ya Kenya inatumia vichwa vya dizeli kutoka China tangu 2017, na Uganda imetia saini ujenzi wa reli ya umeme Malaba–Kampala. Zabuni za treni bado zinakuja. Tunaomba kila zabuni iwe na kurasa chache kuhusu meza ya dereva, yaani pale zilipo swichi na mikono ya kuendeshea treni.

La kwanza ni upande unakokwenda mkono wa kuongeza nguvu na kufunga breki. Kanuni za Umoja wa Ulaya za 2014 zinataka kusukuma mbele kuwe kuongeza nguvu, na kuvuta kuelekea kwako kuwe kufunga breki. Japani, treni zenye mkono mmoja wa nguvu na breki ziko kinyume: dereva huvuta kupata nguvu, husukuma kufunga breki. Mtu huzoea wowote kati ya hiyo miwili. Hatari ni kuchanganya, maana ng'ombe wakikatiza reli, mkono wako hufanya ulichozoea kabla akili haijafikiri.

La pili ni breki ya upepo, na hapa ndipo tunapohofia zaidi. Bomba la breki lililojaa huwa na shinikizo la upepo la bar 5, na breki huwa zimefunguka. Likishuka hadi karibu 3.5, breki zimefunga zote. Kwenye baadhi ya vichwa kila hatua ya mkono ina kiasi chake cha upepo, na ukiurudisha mkono mwanzo, breki zinafunguka. Kwenye vingine upepo hushuka muda wote unapoushikilia mkono nyuma. Ukiuachia, unarudi katikati wenyewe na breki zinabaki zimeshika. Kwa macho mikono hiyo inaweza kufanana kabisa. Aliyezoea wa aina ya pili akikaa kwenye kichwa cha aina ya kwanza, akavuta kidogo na kuurudisha, amezifungua breki anazodhani zimefunga.

Hatudai kila kitu kifanane. Treni ya mizigo ikianza kupanda mlima, dereva huongeza nguvu huku breki za mabehewa ya nyuma zikiwa bado zinafunguka. Mkono mmoja wa nguvu na breki hauyawezi yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo kichwa cha mizigo kiwe na mkono wa breki wa peke yake, ila uende upande uleule. Skrini ziwe za mtengenezaji yeyote.

Zabuni imtake pia mtengenezaji aunde kwanza meza ya mbao ya ukubwa halisi. Madereva wafupi na warefu waikalie, waone kama wanafikia honi, kanyagio na kitufe chekundu cha dharura bila kuinuka. Kuhamisha swichi kwenye mbao ni kazi ya misumari. Nyaya zikishapitishwa, ni mkataba mpya.

Vichwa vilivyopo vibaki vilivyo. Lakini dereva anayehamia aina nyingine, katika jaribio la breki kabla ya kuondoka, ashushe upepo, aurudishe mkono ulipoanzia, kisha aangalie geji: sindano imetulia, au inapanda?

Wakufunzi wa uendeshaji treni
Morogoro