Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kuuza mkate wa mayai

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mama amenieleza kwamba umeamua kuuza mkate wa mayai na vileja, zile biskuti zetu za pwani, kutoka jikoni kwenu mtaa wa Langoni, Lamu, na kwamba bei uliyoipanga ni ile ile ya jirani yako. Mapishi yako hayanitii wasiwasi hata kidogo. Ninachokihofia ni kwamba utauza sana na mtaji ukakuishia mkononi. Ninaiandika barua hii hadharani kwa kuwa wapo wengi hapa Malindi na huko Lamu wanaopanga bei kwa kuchungulia ya mwenzao.

Anza na mayai. Trei ina mayai 30 na mkate wako unakula mayai 8, kwa hiyo trei moja hutoa mikate 3 na kubakiza mayai 6. Ukigawa bei ya trei kwa 4 kwa kukisia tu, kila mkate utakuwa unapunguza mtaji wako bila wewe kujua. Unga na sukari huvuka maji kutoka Mokowe, upande wa bara, kisha hubebwa na punda hadi dukani, basi usihesabu kwa bei uliyoisikia Mombasa. Andika daftarini iliki, samli, karatasi za kufungia na makaa. Makaa hasa usiyasahau, maana mkate huu hutaka moto mwingi juu ya kifuniko na mchache chini, nao ukipungua kabla ya wakati mkate hushuka katikati ukawa mzito, na mteja harudi.

Kisha uweke ujira wako. Mkate wa mayai hauna hamira. Huumuka kwa mayai yaliyopigwa na sukari mpaka yakawa meupe na mazito, kiasi kwamba ukiinua kijiko, kinachotiririka hukaa juu kidogo kabla ya kuzama. Anayenunua mkate wako analipia pia kuepushwa na kazi hiyo, na ni haki yako kuitoza.

Najua kitakachokuelemea ni kuwadai pesa khalati na mawifi. Ukitaka kumpa mtu zawadi, mpe kwa moyo mmoja, lakini uiandike kuwa ni zawadi na uilipie kutoka kwenye faida yako, wala usiiache imeze pesa za unga wa kesho. Oda za Ramadhani, za Idi na za siku za Maulidi, mji unapojaa wageni, usizipokee bila arbuni ya nusu, kwa sababu viungo utavinunua kabla hujalipwa.

Leseni ya biashara hutolewa na kaunti na hulipiwa kila mwaka. Cheti cha afya cha wanaoshika vyakula hufanywa upya kila miezi 6. Vishughulikie mapema. Vileja navyo uvitie katika mikebe yenye vifuniko vinavyobana mara tu vinapopoa, maana hewa ya pwani huvilainisha.

Mizani yangu ya jikoni nimemkabidhi kaka, ambaye atapanda basi la Lamu kesho kutwa. Ukishapiga hesabu ya mkate wa kwanza, nipigie picha ukurasa huo wa daftari unitumie, tuupitie pamoja kabla hujamtajia mtu yeyote bei.

Wako akupendaye,
Dada yako