Malalamiko kuhusu nyama ya nguruwe kwenye maharage na nyama kupimwa pamoja na sinia

Kwa Meneja Mkuu,

YAH: HUDUMA TULIYOPEWA MGAHAWANI KWENU JUMAMOSI ILIYOPITA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninalalamikia mambo mawili yaliyotupata tulipokuja kula chakula cha mchana katika tawi lenu la hapa Houston: kuuziwa maharage yenye nyama ya nguruwe baada ya kuuliza na kuhakikishiwa kwamba hayana, na kutozwa bei ya nyama kwa uzito wa sinia. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa wenye mgahawa ni watu wa kwetu Afrika Mashariki, na kwa kuwa tangazo lililotuleta kwenu, lile mlilolisambaza katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya waishio hapa, liliandikwa kwa Kiswahili na lilisema wazi kwamba kidari na soseji zenu ni za ng'ombe aliyechinjwa kihalali.

Tangazo hilo lilitufurahisha sana. Barbekyu ya Texas, yaani nyama iliyoivishwa polepole kwa moshi wa kuni, ni chakula ambacho Waislamu wengi wanaoishi katika jimbo hili hunusa tu harufu yake barabarani na kupita, kwa sababu mbavu za nguruwe hazikosekani katika migahawa ya aina hii, soseji nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe, na maharage ya pinto kwa desturi huchemshwa na vipande vya bekoni, yaani nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Siyalaumu mapishi hayo. Ndiyo mila ya wenyeji, na kila mtu ana haki ya kula kile ambacho dini yake na moyo wake vinamruhusu. Lakini ninyi mlitwambia kwamba kwenu mambo ni tofauti, nami kwa maneno yenu nikamchukua mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, nikamhakikishia kwamba atakula bila wasiwasi.

Tulipofika kaunta nilimwuliza kijana aliyekuwa akipakua kama maharage yana nguruwe. Hakugeuka kumwuliza mpishi wala hakutazama karatasi yoyote. Alijibu papo hapo kwamba hayana, huku mkono ukiendelea kujaza bakuli. Nikarudia swali kwa Kiingereza ili lugha isije ikawa kisingizio, naye akajibu vilevile. Mama alikuwa amekwisha kula vijiko kadhaa alipokutana na kipande chembamba, laini, chenye mstari mweupe wa mafuta ubavuni na wekundu uliopauka katikati. Alikitoa, akakiweka ukingoni mwa sahani, akanitazama bila kusema neno. Tulipolikoroga bakuli tukaviona vingine chini.

Nilimwita msimamizi wa zamu. Hakukana kwamba ni bekoni. Alisema ni kiasi kidogo tu cha kuongeza ladha, na kwamba tukivitoa vile vipande tunaweza kuendelea na maharage yaliyobaki. Ndugu Meneja, mtu aliyekulia katika jamii zetu, awe Mwislamu au Mkristo, anajua kwamba hilo si jibu la kumpa mtu mzima wa miaka ya mama yule. Mchuzi ulioiva pamoja na nguruwe ni mchuzi wa nguruwe. Kuondoa kipande hakuubadilishi. Mama aliinuka kwenda kusukutua na hakugusa tena chochote pale mezani, hata chai. Hakuna mfanyakazi wenu yeyote aliyemwomba radhi, na hilo linaniuma kuliko fedha nilizolipa.

Baada ya hapo nilirudi kaunta nikaangalia kazi inavyofanyika, jambo ambalo nilipaswa kuwa na amani ya kutolifanya. Mkataji alikata ubavu wa nguruwe, akafuta kisu kwa kitambaa, kisha kwa kisu hicho hicho na juu ya ubao huo huo akakata kidari cha mteja aliyefuata, huku kibao chenye neno "halali" kikiwa kimening'inia juu ya kichwa chake. Kama huo ndio utaratibu wa kila siku, basi tatizo si kosa la kijana mmoja, na hata nyama iliyochinjwa kwa njia ya halali inaharibiwa dakika ya mwisho kabla ya kumfikia mlaji.

Jambo la pili ni mizani. Tuliagiza ratili tatu za kidari kwa dola 32 kila ratili. Siilalamikii bei hiyo: kidari cha ng'ombe kikikaa kwenye moshi wa mwaloni kwa saa 12 au zaidi hupungua sana, wala si ajabu kikapoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake wa awali, na mpishi anayekesha na moto anastahili malipo yake. Ila mizani ilisomeka sifuri kabla ya kuwekewa chochote, kijana akaweka sinia la chuma, akatandaza karatasi, akapanga nyama, na ilipofika ratili tatu akaandika bei. Nilipomwambia atoe uzito wa sinia alinijibu kwamba mashine inautoa yenyewe. Tulipomaliza, nilimwomba alipime sinia tupu mbele yangu, nalo likasoma zaidi ya nusu ratili. Kwa hesabu hiyo tumelipa zaidi ya dola 16 kwa ajili ya chuma ambacho tulikiacha mezani.

Mnajua kwamba mwaka 2017 Bunge la Texas lilipitisha sheria inayoiondoa mizani ya kupimia chakula cha kuliwa papo hapo katika utaratibu wa kusajiliwa na kukaguliwa na Idara ya Kilimo ya jimbo. Sheria hiyo haikumruhusu mtu yeyote kupunja. Ilichofanya ni kumwachia mfanyabiashara dhamana ambayo zamani ilikuwa na mkaguzi nyuma yake. Na biashara hii imejengwa juu ya mizani tangu mwanzo. Barbekyu ya Texas ya kati ilikulia katika bucha za wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki, ambao walikausha kwa moshi nyama wasiyoiuza ikiwa mbichi, wakaipima na kumkabidhi mnunuzi juu ya karatasi ya buchani. Hata leo ukienda Lockhart, mji ambao Bunge la Texas limeupa heshima ya kuitwa makao makuu ya barbekyu ya jimbo, nyama huuzwa kwa uzito. Mnapotandika karatasi ile ile na kujiita mgahawa wa mtindo wa Texas, mnajitwika na uaminifu wa kipimo.

Kuhusu nyama yenyewe nitasema machache. Nimewahi kula kidari chenu siku za nyuma, na kilikuwa kizuri kweli: ukoko mweusi wa chumvi na pilipili manga, mafuta yaliyoyeyuka, kipande ukikilaza juu ya kidole kinajikunja pande zote mbili bila kukatika. Cha Jumamosi kilivunjika kikiwa bado kwenye uma, kingo zake zilikuwa zimekauka, na kilinuka jokofu. Kama kilikuwa cha jana yake kilichopashwa moto, mngesema, nasi tungeamua wenyewe kama tunakitaka.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Kwanza, mama mkwe wangu aombwe radhi kwa barua au kwa simu, na mtu mwenye mamlaka, kwa Kiswahili, kabla hajarejea Tanga mwisho wa mwezi ujao. Pili, nirudishiwe fedha zote za chakula kile. Tatu, ama mtenge visu, mbao na vyombo vya nyama ya halali na kupika maharage yasiyo na nguruwe, ama mkiondoe kile kibao na kulifuta lile tangazo leo hii, kwa sababu kuna familia nyingine zinaliamini hivi sasa. Nne, wapakuaji wenu waelekezwe kwamba asiyejua kilichomo chunguni aseme hajui na aende kuuliza jikoni, na kwamba mizani irudishwe sifuri baada ya sinia kuwekwa, mahali ambapo mteja anaiona.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha ya bakuli la maharage na picha ya sinia tupu likiwa juu ya mizani. Ninategemea majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka malalamiko haya pamoja na vielelezo hivyo kwenye kitengo cha kuwalinda walaji katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, na nitawaarifu wenzetu katika makundi yale yale mlimosambaza tangazo lenu.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu,
Houston, Texas