Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Padre Józef Surzyński na Nota Alizozifufua

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka huu mafunzo ya walimu wa kwaya yamehusu kazi ya Padre Józef Surzyński wa Poland. Alizaliwa Śrem mwaka 1851, akasoma muziki Leipzig na Regensburg, kisha akaongoza kwaya ya Kanisa Kuu la Poznań, mji uliokuwa bado chini ya Prussia. Tangu 1894 alikuwa paroko wa Kościan, na huko ndiko alikofia mwaka 1919. Kazi yake kuu ni Monumenta Musices Sacrae in Polonia, mkusanyo wa muziki wa kale wa kanisa wa Poland, uliotoka kati ya 1885 na 1896. Kwa kazi hiyo watunzi wa karne ya 16 kama Tomasz Szadek na Marcin Leopolita walirudi midomoni mwa waimbaji.

Tuliotumia penseli kunakili upya nota za kale tunajua uzito wa kazi hiyo. Katika karne ya 16 kila sauti iliandikwa kwenye kitabu chake, bila mistari ya mizani. Anayetaka kuziona zote pamoja huzipanga upya, moja chini ya nyingine. Kosa hutokea hasa kwenye nota zilizounganishwa: ukiipa moja nusu ya thamani yake, sauti hiyo inawatangulia wenzake hadi mwisho. Kwa hiyo anza na sauti za besi na tena (tenor), fika kwenye kituo cha kwanza, yaani pale muziki unapotua, jumlisha thamani za nota za kila sauti. Zisipolingana, usisonge mbele. Kosa liko nyuma yako. Jambo jingine ni kupandisha nusu sauti kwenye vituo. Mara nyingi wanakili wa zamani hawakuweka alama, kwa kuwa waimbaji walijua pa kupandisha. Alama hizo huongezwa na mhariri, na mwalimu ana haki ya kuzipima upya.

Misa za Szadek zimesumbua kwaya zetu. Yeye aliimba na Warorantisti wa kanisa kuu la Wawel, Kraków, kikundi cha waimbaji wanaume pekee; sauti zote nne za misa zake ziko chini na zimebanana. Ukimpa soprano mstari wa juu, anazama. Waachieni wanaume, au mstari wa juu uchukuliwe na alto wenye sauti nzito.

Missa Paschalis ya Leopolita ina sauti tano, nayo imejengwa juu ya nyimbo za Pasaka za Kipolandi, ukiwamo Wesoły nam dzień dziś nastał. Kwaya nzima ijifunze kwanza nyimbo hizo kwa sauti moja. Bila hivyo mwimbaji wa tena hajui kwamba sasa ndiye aliyebeba wimbo, na wengine wanamfunika.

Mwakani tutashika In te Domine speravi, zaburi kwa Kilatini ya mtunzi Wacław wa Szamotuły, sauti nne, iliyochapishwa Nuremberg mwaka 1554. Kwaya zenye upungufu wa waimbaji wa tena zimjulishe katibu kabla ya Majilio.