Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Walezi wa Kambo, Mbeya

Ndugu wanachama, walezi wa watoto tusiowazaa, itifaki imezingatiwa.

Ya kawaida mnayajua: vikao vilikaliwa, wagonjwa na wafiwa tuliwafikia, afisa ustawi wa jamii alitufundisha pale Uyole. Sitayarudia.

Niende kwenye linalosemwa pembeni: fedha za vitenge vya sare. Ni kweli, sh. 840,000 za sare hazikununua sare. Nilishauri, na kamati tendaji ikaridhia, ziwapeleke vijana wetu 14 wenye usonji, mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili kuandikishwa NIDA kwa vitambulisho vya taifa, na kufuatilia vyeti vyao vya kuzaliwa RITA. Wazo lilikuwa langu na ninalisimamia.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Akivuka hapo anahesabiwa mtu mzima, ilhali wa kwetu bado anafungwa vifungo vya shati. Bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, na akaunti ya benki ni kuzungushwa tu. Halmashauri zinatenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kuwakopesha watu wenye ulemavu. Atakopaje asiyejulikana ni nani? Na kwa aliyeokotwa, hata cheti cha kuzaliwa kinaanzia kwenye barua ya mtendaji.

Wanaolalamikia nauli za bajaji kutoka Iyunga na Mbalizi hawakuwepo siku ile. Kijana mmoja aligoma kugusa mashine ya alama za vidole. Mama yake mlezi akatanguliza kidole chake, akawa anamwimbia taratibu, kimoja baada ya kingine, hadi vyote kumi vikaingia. Kijana yule ungempandisha daladala la kugombania Mwanjelwa, asingefika. Leo 9 wana namba. 5 wamekwamishwa na vyeti.

Kinachoniumiza ni mahudhurio. Tuko wanachama 52, waliolipa ada ni 21. Kikao cha Januari tulikuwa 11, wengine wakasema palizi, kana kwamba sisi hatuna mashamba. Ada isiyolipwa ni sh. 744,000. Ikilipwa leo, vitenge vinanunuliwa kesho.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia vijana waunde kikundi cha kuomba mkopo wa halmashauri, na ikiwezekana tupate mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kuwatembelea majumbani.

Mweka hazina amekaa karibu na mlango na kitabu cha risiti.