Baba hataki kusikia habari ya kurithisha mashine

Mpendwa mshauri, shikamoo. Wasomaji wenzangu, habari za huko.

Naishi Ismani, Iringa Vijijini. Tangu ndoa yangu ilipovunjika nikarudi nyumbani, mimi ndiye ninayeendesha mashine ya baba, ya kusaga na kukoboa mahindi. Mzee aliinunua miaka ya themanini, enzi za injini ya Lister ya dizeli ambayo kuiwasha tu ilitaka kijana mwenye mabega. Mashine hiyo ndiyo iliyotusomesha sote. Sasa Mzee ana presha, miguu inavimba, na kutwa anakaa kwenye benchi nje akisalimiana na wateja.

Sina mshahara. Jioni nampelekea hela, anahesabu, ananipa ya matumizi. Kwa hilo sina ugomvi naye. Shida inaanzia kwenye umeme. Nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zilipofika, tuliachana na dizeli. Mota ya njia tatu nilinunua mimi kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na marejesho nikamaliza mwenyewe kwa kuuza pumba na kufuga nguruwe. Lakini risiti ina jina la baba, kwa sababu leseni ina jina la baba, TIN ina jina la baba, mita ya LUKU ina jina la baba, hata laini ya simu inayopokea hela za wateja imesajiliwa kwa NIDA yake. Kiwanja nacho kina hati ya kimila ya jina lake. Ukiniuliza mali yangu iko wapi, nitakuonyesha mota inayounguruma, basi.

Mwaka jana msibani kwa baba mdogo, kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar, alisema mbele za watu kwamba Mzee akiondoka mashine inauzwa, hela zinagawanywa, kila mtu anashika njia yake. Mdogo wetu wa kiume akadakia kwamba haiuzwi ng'o, ataiendesha yeye. Huyo hata kubadilisha mkanda hajui. Mimi hakuna aliyenitaja, na nilikuwa hapo hapo nikigawa chai.

Wanadhani mashine ni chuma na swichi. Unga ukitoka wa moto kupita kiasi, au mlio ukibadilika, najua nyundo zimelika upande mmoja, nazima na kuzigeuza kabla hazijatoboa chekeche. Na hayo ni ya kujifunza. Kuna yaliyo kichwani mwa Mzee peke yake: nani akopeshwe debe tatu hadi mavuno na nani asikopeshwe hata moja, shule ya msingi inadaiwa kiasi gani cha uji wa watoto, na kwa nini bibi mmoja wa kitongoji cha juu hatozwi kabisa. Daftari la madeni lipo, ila nusu yake ni alama anazozielewa mwenyewe.

Nimejaribu kuligusa jambo hili. Jibu lake: "Mwanangu, unanichuria?" Kwake kuandika wosia ni kuita kifo, na ana mfano wa rafiki yake aliyeandika akafa kabla ya mavuno. Kwamba huyo rafiki aliandika akiwa tayari hoi kitandani, hilo halimo kwenye hesabu.

Mimi nimeona upande wa pili. Kijiji cha jirani mwenye mashine alifariki bila kuandika chochote. Kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, Mahakama ya Mwanzo, tangazo, halafu pingamizi la watoto wa mke mdogo. Wakati wote huo hakuna aliyethubutu kufungua mlango. Panya wakala mikanda, wateja wakahamia kwetu. Nilifaidika na msiba wa wenzangu, na usingizi ukanipaa.

Nilimwona msaidizi wa kisheria wa kata. Akanieleza kwamba zipo kanuni za mila za mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zinazomweka mtoto wa kiume wa kwanza daraja la juu na mabinti daraja la tatu, la mwisho. Kama zitatumika kwetu inategemea mahakama itaona Mzee aliishi kimila au la. Alinitajia wosia, ambao unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, akasema wa kimila unataka mashahidi wa ndani ya ukoo na wa nje. Akaongeza kwamba jina la biashara peke yake haliirithishi biashara, afadhali kampuni yenye hisa, kwa kuwa kampuni haifi na mwenye nayo. Kampuni, kwa mashine ya kijijini! Nilicheka, lakini nikirudi njiani nikaona si la kuchekwa.

Sitaki kuwadhulumu ndugu zangu. Wapate haki yao kwenye kiwanja, hata kwenye faida kila mwaka. Ninachotaka ni mota yangu itambulike, na mashine iendelee kusaga siku Mzee hayupo.

Naomba mnisaidie. Je, nianze na karatasi ndogo tu ya makubaliano kuhusu mota, Mzee asaini mbele ya mtendaji wa kijiji, bila kutaja neno wosia? Au hiyo itawapa kaka zangu sababu ya kusema nimemrubuni mgonjwa? Nani azungumze naye: shangazi yetu, ambaye Mzee humsikiliza lakini siri haimkai, au mzee wa kanisa? Na aliyewahi kufungua kampuni ya familia kijijini, ada na mahesabu ya kila mwaka yanabebeka kwa biashara inayotoza kwa debe?

Wenu,
Binti wa Mashine, Ismani